Kabla ya Mfuko wa Kwanza wa Saruji

Mhadhara kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo cha watumishi wa umma, Dar es Salaam



Mmeniomba nizungumze na wale wanaotaka kuweka akiba yao ya kwanza kwenye viwanja na nyumba za kupangisha. Wengi humu ni walimu, wauguzi na makarani. Pesa yenu inatoka kwenye mshahara, kwenye kiinua mgongo, au kwenye mkopo wa chama hiki hiki. Mtu wa namna hiyo akipoteza shilingi milioni 10 hana nyingine ya kuanzia upya. Kwa hiyo sitasema namna ya kutajirika. Wa kuwaambia hayo wapo wengi, na bango lao liko kila kona ya barabara ya Bagamoyo. Nitasema namna ya kutopoteza, halafu namna ya kupata kidogo kila mwezi.

Tuanze na jambo ambalo dalali hatawaambia. Nchi hii hakuna anayenunua ardhi. Ardhi yote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Hivyo ndivyo zinavyosema Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, zote za mwaka 1999. Unachonunua ni haki ya kukaa mahali na kupatumia, kwa muda uliotajwa, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, na kwa masharti yaliyoandikwa. Viwanja viwili vinaweza kupakana, udongo ule ule, mwembe mmoja unatia kivuli kote kuwili, na bei ya kimoja ikawa maradufu ya mwenzake kwa sababu kimoja kina hati na kingine kina karatasi ya daftari iliyogongwa muhuri. Anayeanza hutazama udongo. Mimi ningependa mtazame ile haki: ina nguvu kiasi gani, nani anaweza kuipinga, na itawaletea shilingi ngapi kwa mwezi. Mengine yote nitakayoyasema leo yanatoka hapo.

Biashara hii ni changa kwetu kuliko tunavyodhani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo yaliyokuwa yakipangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake baadaye, mwaka 1990, zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Masharti kwa viongozi yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991, na sheria iliyodhibiti pango ilifutwa mwaka 2005. Mtumishi wa umma ambaye leo anajenga vyumba vya kupangisha bila kuangalia nyuma ni kizazi cha kwanza au cha pili kufanya hivyo.

Aliyeendelea kupangisha wakati wote huo ni mama wa Magomeni, wa Ilala, wa Temeke, mwenye nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani kuna jiko, choo na bomba. Yeye anakaa chumba kimoja, vitano vina wapangaji. Anajua nani kapata kibarua na nani kafukuzwa, bati lipi linavuja, na choo kitajaa mwezi gani. Hana shahada ya uthamini, lakini ukimuuliza nyumba yake inamwingizia kiasi gani baada ya kutoa gharama, atakujibu pale pale bila kukuna kichwa. Waulize wenzako wenye maghorofa ya kupangisha kama wanaweza.

Sasa turudi kwenye haki. Ipo yenye nguvu na ipo dhaifu. Juu kabisa kuna hati miliki ya kiwanja kilichopimwa, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kuna barua ya toleo, ile mnayoiita ofa, ambayo ni hatua ya kuelekea kwenye hati. Mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kumaliza safari. Kuna leseni ya makazi, inayotolewa mijini kwenye maeneo ambayo hayakupangwa. Ni ya muda mfupi, inafaa kuliko kukosa kabisa. Vijijini kuna hati ya haki miliki ya kimila. Chini ya zote kuna mauziano ya mkono kwa mkono, ushahidi wake ni majirani, mjumbe, na muhuri wa serikali ya mtaa.

Sisemi msinunue kamwe eneo lisilopimwa. Sehemu kubwa ya jiji hili ilijengwa hivyo, na ndiyo maana serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 mwaka 2002 ili watu wapate mahali palipopimwa Bunju, Kibada, Toangoma na kwingineko. Ninachosema ni kwamba haki dhaifu inunuliwe kwa bei dhaifu. Ukiuziwa eneo la kienyeji kwa bei inayokaribia ya kiwanja chenye hati, umepigwa, hata kama muuzaji ni mtu mwaminifu. Toa kwenye bei gharama ya mpango, upimaji na kufuatilia hati, halafu toa tena kitu kwa ajili ya miaka utakayosubiri. Na muhuri wa serikali ya mtaa usiwatie kiburi. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri kwa sababu anawajua watu wake. Hana mamlaka ya kugawa ardhi wala kuimilikisha, na ile asilimia 10 mnayodaiwa ofisini kwake haiwapi haki yoyote ya ziada.

Tuseme mmepata kiwanja chenye hati. Naomba sasa twende polepole, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea wakati mnunuzi ana raha. Shika hati yenyewe, usikubali fotokopi wala picha ya simu. Soma jina. Linganisha na kitambulisho cha taifa cha huyo aliye mbele yako. Soma namba ya kiwanja, kitalu, eneo, na ukubwa kwa mita za mraba. Soma muda na tarehe ulipoanza kuhesabiwa: hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 inakwisha 2031, na hilo linapaswa kuonekana kwenye bei. Soma matumizi. Kama imeandikwa makazi, ndoto yako ya fremu sita za maduka barabarani itabidi ianze kwa kuomba kubadili matumizi. Soma masharti ya uendelezaji. Kwa kawaida mmiliki hupewa miezi 36 kujenga. Halafu geuza nyuma utazame ile ramani ndogo iliyoambatishwa, yenye umbo la kiwanja na namba za bikoni kwenye kila kona.

Ukishasoma, usilipe. Peleka ombi la upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na pesa iliyo hatarini, na jibu huja kwa maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki au hakuna, kuna zuio la mahakama au la mtu anayedai haki yake. Wapo waliokuja kwangu baada ya kulipa, hati wanayo mkononi, na daftari la Msajili likasema kuwa kiwanja kimewekwa rehani. Kwa nini hawakufanya upekuzi? Muuzaji alikuwa na haraka, ana mgonjwa, ana safari, kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho asubuhi. Akija, mwacheni anunue.

Baada ya upekuzi nendeni shambani na mpima mwenye leseni. Nimeshuhudia hili kwa macho yangu huko Chanika: muuzaji ametutangulia, kasimama juu ya bikoni, kaifuta mchanga kwa kiatu, inaonekana vizuri. Mpima akafunga kifaa chake, akasoma, akasoma tena, akauliza kama tuna uhakika na namba ya kiwanja. Bikoni ilikuwa ya jirani mwenye migomba. Hati ilikuwa halali, jina halali, upekuzi safi. Kiwanja chenyewe kilikuwa chini bondeni, nyuma ya mikorosho, na kwa kuwa ilikuwa masika, nusu yake ilikuwa maji. Muuzaji akasema ni maji ya siku mbili tu. Mama mmoja aliyekuwa akichuma matembele pembeni akacheka.

Basi kiwanja kitazamwe masika. Kiangazi kila mahali ni pazuri. Waulizeni wachuma mboga na watoto wanaorudi shule. Dalali analipwa kwa kukuuzia, hawa hawalipwi kitu. Na msiishie kwenye maji ya mvua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au ufukwe. Wakazi wa Jangwani na bonde la Msimbazi walilijua hilo kwa njia ngumu: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamishia wengine Mabwepande, na mwishoni mwa 2015 yakaja matingatinga. Kuna hifadhi ya barabara pia. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kibaha, nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, ambako hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Waliobomolewa walikuwa na umeme wa serikali, maji ya serikali, na stakabadhi za kodi ya majengo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokupa haki ya ardhi. Hifadhi ya reli ipo, ya nguzo kubwa za umeme ipo, ya bomba la gesi ipo. Swali hilo lipelekwe kwa maandishi ofisi ya mipango miji ya halmashauri kabla ya kulipa, na jibu lidaiwe kwa maandishi.

Kuhusu fununu za miradi nitasema kwa kifupi. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni. Waliodhani wamewahi wakajikuta kwa miaka wamezuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri mpango ambao haukutekelezwa kama ulivyotangazwa. Makubaliano ya bandari ya Bagamoyo yalitiwa saini 2013, watu wakakimbilia kununua mashamba huko, mradi ukasimama. Lakini daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016 na watu wanavuka kila siku. Mabasi ya mwendokasi ya Kimara yalianza mwaka huo huo. Na serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kweli, aliyekuwa na vyumba Dodoma aliona tofauti. Ushauri wangu: nunua kando ya kitu kinachotembea tayari. Bei itakuwa juu kidogo, ndiyo. Umelipia uhakika.

Tumwangalie muuzaji. Anayeuza nyumba anayoishi na mwenzi wake hana haki ya kuiuza peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inadai ridhaa ya mume au mke, hata kama hati ina jina moja. Muombe mwenzi huyo aje mwenyewe kwa wakili na asaini mbele yenu. Ukiambiwa kasafiri, msubiri arudi. Ukiambiwa walishaachana, omba talaka ya mahakama na uamuzi wa mgawanyo wa mali. Mali ya marehemu ni balaa zaidi. Kaka mkubwa hawezi kuuza kwa kuwa ni kaka mkubwa. Anayeweza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa mahakama ya mwanzo utaonyeshwa fomu namba 4. Hata huyo ningetaka warithi wote wasaini kuwa wameridhia, pamoja na yule dada aliyeolewa Tanga ambaye kila mtu anasema hana neno. Kesi nyingi za ardhi nilizozisoma zilianzishwa na huyo dada, na mara nyingi alikuwa na haki.

Kampuni zinazouza viwanja kwa awamu zimerahisishia watu wengi, sizidharau. Waulizeni mambo mawili: ramani ya mipango miji imeidhinishwa, na eneo lenyewe liko kwa jina la nani leo? Ikiwa kampuni yenyewe bado inadaiwa na mwanakijiji aliyeiuzia, awamu zako zinalipa deni la mwingine. Ghorofa za makazi ni hivyo hivyo. Tangu Sheria ya Hati za Sehemu za Majengo ya 2008 mtu anaweza kuwa na hati ya sehemu yake ya jengo. Kama hiyo haipo, unachonunua ni ahadi.

Na gharama za uhamisho zikubalianwe kabla ya bei. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji inayomhusu muuzaji, kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, kuna uthamini, usajili na wakili. Wauzaji wengi husema "yote juu yako" mkiwa mmeshashikana mikono.

Sasa hesabu. Nitatumia mfano wa kufikirika, mbadilishe tarakimu kulingana na mtaa wenu. Kiwanja kimekugharimu milioni 12, umejenga nyumba nne ndogo za chumba na sebule zenye choo ndani kwa milioni 38. Jumla milioni 50. Kila moja unapangisha 120,000 kwa mwezi. Zote nne ni 480,000. Kwa mwaka 5,760,000. Mtu atakwambia hiyo ni asilimia 11 na nusu, safi sana. Haya, tukate. Kila nyumba itakaa tupu walau mwezi mmoja kwa mwaka kati ya mpangaji anayetoka na anayeingia: toa 480,000. TRA asilimia 10 ya pango: toa 528,000. Rangi, vitasa, koki, gari la kunyonya choo, paa linalovuja: weka 600,000, na hiyo ni mwaka wa heri. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kupitia LUKU tangu 2021, ni ndogo, tuiache. Umebaki na 4,152,000. Ni asilimia 8 na kitu.

Pesa hiyo hiyo ingeweza kukaa kwenye hatifungani ya serikali. Mwaka 2022, hata baada ya Benki Kuu kushusha viwango, ile ya miaka 20 ilikuwa ikilipa asilimia 12.10 kwa mwaka, na riba yake haikatwi kodi ya zuio. Kwa milioni 50 ni zaidi ya milioni 6, bila mpangaji kukupigia simu saa sita usiku kuwa bomba limepasuka. Mnashangaa kuwa mtu wa majengo anawaambia hivi. Nawaambia ili mjue mnacholipia. Nyumba inaweza kupanda thamani na pango lake linaweza kupandishwa maisha yanapopanda. Hatifungani inalipa riba ile ile miaka yote 20, na shilingi ya mwisho haitanunua kilichonunuliwa na ya kwanza. Ndiyo sababu nyumba bado ina nafasi yake. Lakini faida yake kubwa iko kwenye mahali ilipo, na mahali tumeshapazungumza. Nyumba ya kupangisha iliyojengwa mahali pasipopanda thamani haina hoja ya kujitetea mbele ya hatifungani.

Hesabu hiyo hiyo inajibu swali la mkopo. Taifa letu limejitahidi: kuna sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008, kuna kampuni ya kuzikopesha benki kwa ajili hiyo, TMRC, tangu 2010. Hata hivyo riba ya asilimia 15 au zaidi si ajabu. Kama mali inazaa 8 na deni linakula 15, tofauti utailipa wewe kutoka kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi. Kwa nyumba ya kuishi hilo ni uamuzi wa familia na silipingi. Kwa nyumba ya kupangisha, kwa mtu anayeanza, nalipinga.

Adui mkubwa wa pesa ya mtumishi kuliko tapeli ni pagale. Piteni Kivule, Goba, Mbagala ndani, muone: kuta zimefika lenta, majani yameota sebuleni, nondo zina kutu, mwenyewe yuko kazini anasubiri bonasi. Milioni 20 zimelala humo mwaka wa sita na hazijazaa hata shilingi. Chanzo ni ramani kubwa mno. Mtu anaanza na ramani ya nyumba ya vyumba vinne vya kulala yenye kibaraza cha nguzo za duara, kwa sababu shemeji yake anayo. Ningemshauri ajenge mbili ndogo kwanza, apaue, apige lipu, aingize maji na umeme, apangishe. Pango la hizo liweke msingi wa nyingine mbili. Ramani nzima ichorwe mwanzoni na mtaalamu, kibali cha ujenzi kiombwe kwa ramani nzima, shimo la choo lichimbwe la kutosha nne. Utekelezaji ndio uende kwa vipande, na kila kipande kikikamilika kiwe kinaweza kuzaa.

Tofali mzisimamie wenyewe. Fundi anayefyatua tofali hamsini za inchi 6 kwa mfuko mmoja wa saruji hajakuokolea pesa, ameuza saruji yako au amekujengea mchanga. Liangushe moja kutoka usawa wa kiuno baada ya kulimwagilia wiki nzima na kulianika, uone linavyovunjika. Kwa ghorofa sitaki hata kuzungumza bila mhandisi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka Kariakoo, wafanyabiashara wakiwa ndani. Mwenye ndugu Muscat au London anayemtumia pesa za ujenzi, amuombe atume kwa hatua, saruji na bati zilipwe dukani moja kwa moja, na kila hatua ikaguliwe na mtu asiye wa ukoo. Undugu umevunjika zaidi kwa mifuko ya saruji kuliko kwa urithi.

Wapangaji nao. Mkataba uandikwe, hata kwa mdogo wako. Utaje tarehe, kiasi, nani anatengeneza nini, notisi ya muda gani. Desturi ya kudai miezi sita au mwaka mzima mbele ina raha ya siku moja, maana umekula kabla hujafanya kazi. Likiharibika paa mwezi wa nane, pesa ya matengenezo imeshakuwa ada ya shule. Ningechukua miezi mitatu mitatu na kutenga pesa ya matengenezo kila mara pango linapoingia. Kila nyumba iwe na mita yake ya LUKU. Ugomvi wa pasi na friji kwenye mita ya pamoja umefukuza wapangaji wazuri kuliko kupandishwa pango. Asiyelipa asitolewe bati wala kung'olewa mlango. Hayo ni ya kujitafutia kesi. Kuna notisi, kuna baraza la ardhi, na kabla ya yote hayo kuna kikao cha uani ambacho yule mama wa Magomeni angekimaliza kwa kikombe cha chai.

La mwisho ni jina. Kwenye hati mnaweza kuandikwa wawili au zaidi, na sheria inatofautisha aina mbili: umiliki wa pamoja, ambao mmoja akifariki haki yote inabaki kwa aliye hai, na umiliki wa hisa, ambao kila mmoja ana fungu lake linalokwenda kwa warithi wake. Mke na mume wazungumze wanataka upi kabla ya kwenda kwa wakili. Marafiki wanne wanaochanga kununua shamba Kisarawe wachague wa hisa, waandike kila mmoja katoa ngapi, na waandike pia nini kitatokea mmoja akitaka kutoka, akifilisika au akifa. Mkataba huo uandikwe siku mnapopendana. Wosia vilevile, kuuandika hakumkaribishi malaika wa mauti.

Ndugu mwenyekiti, nimemaliza upande wangu. Niliambiwa baadhi ya wanachama wamekuja na nakala za hati na mikataba ya mauziano. Maswali yaanze, na wale wenye makaratasi wapange foleni pale meza ya pili, tuyasome moja moja.